Mfadhili anataka kusajili jina la programu yetu. Tumwachie au tujitenge?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mratibu wa kikundi kinachotengeneza programu ya simu ya kutunza hesabu za vikoba. Mweka hazina anaingiza hisa za kila mwanachama, mfuko wa jamii, mikopo na marejesho, na siku ya kuvunja kikundi programu inatoa mgawo wa kila mtu bila watu kukesha na daftari na kurushiana maneno. Ni programu huria, yaani msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa wote, na leseni yake ni GPL. Jina lake naomba nisilitaje, kwa sababu utakazoziona.

Tulianza watu wanne hapa Morogoro, hakuna aliyekuwa analipwa. Wakaja wengine wa Mwanza, Unguja na Mombasa, na yupo mmoja Bujumbura ambaye karibu sehemu yote ya mikopo ameiandika yeye. Jina tulipewa na mama mmoja muuza mboga wa Soko la Chifu Kingalu, mweka hazina wa kikoba cha kwanza kutujaribu. Tulipolisikia tu, tuliacha kutafuta lingine.

Baadaye kampuni moja ya huduma za fedha ikavutiwa na kazi yetu. Inalipia seva, imenunua kikoa (anwani) cha tovuti, imefungua akaunti ya Google Play ambako watu wanapakua programu, na imeajiri vijana wetu wawili ambao kazi yao kutwa ni hii. Siwezi kuwakosea adabu: bila wao vikoba vingi visingetufahamu.

Sasa meneja wao ametuandikia barua pepe yenye mambo matatu. La kwanza, kampuni imepeleka ombi BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ili jina na nembo ya programu visajiliwe kuwa alama ya biashara ya kampuni, eti kuvilinda dhidi ya matapeli. La pili, kuanzia toleo lijalo jina la kampuni litangulie mbele ya jina letu. La tatu, kila aliyechangia asaini mkataba wa kukabidhi hakimiliki ya alichoandika. Tukikubali, wataajiri mtu wa tatu. Tukikataa, watautazama upya ufadhili wao.

Kundi letu la WhatsApp limegawanyika. Ndugu yetu wa Bujumbura anasema tuchukue msimbo usiku huu huu tuanze upya kwa jina lingine. Wa Mwanza anasema mwenye kulipa ana haki ya kuita anavyotaka, na vikoba vinachojali ni hesabu zao kuwa sawa. Wale vijana walioajiriwa wamenyamaza, na siwalaumu, mmoja ana mtoto mchanga. Mimi sitaki kuvunja undugu, wala sitaki siku moja kuomba ruhusa ya kutamka jina ambalo tumepewa na yule mama.

Kampuni ina haki ya kufanya hivi? Tukijitenga, watu watatufuata au watabaki na jina? Na hizo fedha nizikatae?

Mratibu, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na lenye tarehe juu yake, mengine yatangoja. Ombi la alama ya biashara likishakubaliwa na msajili, BRELA hulitangaza kwenye jarida lake, na kuanzia siku ya tangazo mtu yeyote mwenye pingamizi ana siku 60 za kuliwasilisha. Kwa hiyo kesho asubuhi mtafute wakili anayeshughulika na alama za biashara, aangalie ombi limefika wapi: limepokelewa tu, limeshatangazwa, au zimebaki siku ngapi. Mkiendelea kubishana WhatsApp mpaka siku hizo ziishe, alama itasajiliwa, na kuifuta baada ya hapo ni kesi ndefu na ya gharama. Usajili wa kwanza Tanzania hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila miaka 10.

Wakati wakili anaangalia, wewe kusanya ushahidi kwamba jina lilikuwa lenu kabla kampuni haijaja. Hapo nyinyi watu wa msimbo mna bahati, kwa sababu Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, inatunza kila badiliko pamoja na tarehe na jina la aliyelifanya. Toa nakala ya historia tangu mwanzo, faili za mwanzo za nembo, tangazo la toleo la kwanza, na ujumbe wa siku mlipopewa jina. Mama wa sokoni akiwa tayari kuapa kiapo cha maandishi, chukueni. Na barua pepe ya meneja itunze vizuri, maana anayeomba kusajili jina huku akiandika kwamba ni la programu yenu amekupa nusu ya hoja.

Uliuliza kama wana haki. Msimbo, jina na njia za kuwafikia watumiaji ni vitu vitatu mbalimbali, na watu wa programu huria tunaumia kila mara kwa kudhani ni kimoja. GPL inampa kila mtu ruhusa ya kutumia, kubadili na kusambaza msimbo, na ruhusa hiyo kampuni haiwezi kuwanyang'anya kwa yale ambayo tayari yametolewa. Lakini GPL haisemi jina ni la nani. Jina lina sheria yake, na katika sheria hiyo anayewahi kusajili anaanza akiwa mbele. Akaunti ya Google Play na kikoa navyo ni vya yule ambaye jina lake liko kwenye stakabadhi. Msimbo wenu ni nyumba mliyoijenga kwa mikono yenu kwenye kiwanja ambacho hati yake hamkuwahi kuifuatilia, na mfadhili ameona hati haina mwenyewe.

Sitasema ana nia mbaya. Hoja ya matapeli ni ya kweli. Mwaka 1994 mtu asiyehusika kabisa na Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, aliomba kulisajili jina hilo Marekani kuwa alama yake, akalipata, kisha akaanza kudai fedha kwa makampuni yanayolitumia. Ilichukua hadi 1997 kwa Linus Torvalds kukabidhiwa alama ya kitu alichokianzisha mwenyewe. Programu inayogusa fedha za vikoba ina hatari kubwa zaidi ya hiyo: mtu anaweza kutoa nakala yenye jina lenu, ndani ameweka mtego. Jina lenu lazima lisajiliwe. Tunachobishania ni nani alishike, na jibu langu ni kwamba lishikwe na chombo cha wote wanaoifanya kazi hiyo, kampuni ikiwemo kama mmoja wao.

Yapo mambo mengi ya kujifunza kwa waliotangulia. Mwaka 2005 programu ya kutengeneza tovuti iliyoitwa Mambo ilikuwa na jina linalomilikiwa na kampuni ya Miro ya Australia. Kampuni ikaunda taasisi ya kuisimamia, na waandishi wa msimbo wakaona taasisi hiyo imeundwa bila wao na haiwapi sauti. Agosti mwaka huo timu nzima ya msingi ikaondoka pamoja. Walikuwa na wanasheria wa Software Freedom Law Center wa kuwashauri, wakaunda shirika lao lisilo la faida, Open Source Matters, na Septemba wakatoa toleo la kwanza kwa jina jipya, Joomla, walilolichukua kwenye neno letu jumla. Mambo iliendelea miaka michache ikafifia. Joomla ipo hadi leo. Soma vizuri walivyofanya: waliondoka wote, wakiwa na shirika, na hawakukaa kimya muda mrefu.

Hudson, programu ya kujenga na kujaribu msimbo, ni kisa cha aina hiyo hiyo. Ilianzia ndani ya Sun Microsystems, na Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010 ikasema jina ni lake. Wanajumuiya wakajaribu kuzungumza, haikuwezekana, wakapiga kura. Matokeo ya Januari 2011: 214 walitaka jina libadilike, 14 walikataa. Mradi ukaitwa Jenkins, na Hudson ukaachwa njiani. Kura ile ilikuwa na uzito kwa sababu kila mmoja aliweza kuihesabu. Ninyi mnayo kura ya namna hiyo, au mna sauti tatu zinazoandika sana kwenye simu na wengine wanaosoma tu?

Sasa nimgeukie ndugu yetu wa Bujumbura, anayetaka muondoke usiku huu. Namheshimu, na huenda mwishowe mkafanya anachosema. Ila aangalie yaliyowapata watu wa OpenOffice.org, programu huria ya kuandikia nyaraka. Huku kwetu programu hiyo tulikuwa nayo karibu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa toleo lake la Kiswahili, Jambo OpenOffice. Oracle ilipochukua mali ya Sun, wachangiaji walianzisha The Document Foundation tarehe 28 Septemba 2010, wakaiomba Oracle iwape jina. Hawakupewa. LibreOffice, walilolichagua liwe jina la muda huku wakisubiri, ndilo likabaki. Mwaka 2011 Oracle iliipeleka OpenOffice kwa Apache Software Foundation, taasisi nyingine ya programu huria, si kwao. Wachangiaji wengi walikuwa tayari LibreOffice, matoleo mapya yalikuwa yanatoka huko, lakini watu wa kawaida waliendelea kupakua lile jina walilolizoea. Oktoba 2020, miaka kumi baadaye, LibreOffice bado ilikuwa inaandika barua ya wazi kuiomba Apache iwaambie watumiaji wa OpenOffice kwamba kazi imehamia kwingine.

Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na ndugu wa Mwanza pia, anayeona jina si kitu. Waandishi wa msimbo watawafuata, hilo sina shaka nalo. Mweka hazina wa Kilosa hasomi barua zenu za wazi. Anaona jina kwenye simu yake na anaamini.

Na kwenu kuna ugumu ambao OpenOffice hawakuwa nao. Programu ya Android hupokea toleo jipya ikiwa tu limetiwa saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri ule ule. Ufunguo na akaunti vikibaki kwa kampuni, programu yenu mpya itakuwa programu nyingine kabisa kwenye simu. Hesabu za mzunguko wote hazitahama zenyewe, na kikoba kilichobakiza mwezi mmoja kuvunja hakitathubutu. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote la kutengana, toleo lijalo liwe na sehemu ya kutoa hesabu zote kwenye faili na kuzirudisha, kwa muundo ulio wazi ambao programu yoyote inaweza kuusoma. Lifanyeni mchana kweupe, kampuni ikijua. Hata mkipatana nayo, kikoba kina haki ya kuondoka na hesabu zake.

Mkataba wa hakimiliki usiusaini, na waambie wenzako wasisaini. Hili ndilo kubwa kuliko yote kwenye ile barua, ingawa limewekwa la tatu. Leo kila mmoja wenu asiyeajiriwa na kampuni ana hakimiliki ya alichoandika, na kampuni haiwezi kuibadili leseni ya kitu kizima bila ninyi nyote kukubali. Mkishakabidhi, matoleo yajayo inaweza kuyafunga itakapotaka. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp, iliyokuwa na makubaliano ya kupewa na wachangiaji wake ruhusa pana juu ya msimbo wao, iliiondoa Terraform, programu yake ya kusimamia seva, kwenye leseni huria. Waliopinga walibeba toleo la mwisho lililokuwa huria, na mwezi uliofuata wakaingia Linux Foundation kwa jina la OpenTofu. Walikuwa na makampuni makubwa nyuma yao. Ninyi mna seva ya kufadhiliwa. Kampuni ikidai inahitaji uhakika kwamba hakuna msimbo wa wizi, hilo ni ombi halali, na lina dawa: tangu 2004 watengenezaji wa kiini cha Linux huthibitisha kwa jina lao, kila wanapochangia, kwamba wana haki ya kutoa wanachokitoa, na hakimiliki inabaki yao.

Kuhusu jina la kampuni kutangulia mbele ya lenu, kataa kwa upole na toa mfano mmoja. Mradi wa openSUSE ulianza 2005 ukiwa umebeba jina la mfadhili wake. Julai 2024 kampuni ya SUSE ikauomba uache kulitumia jina hilo. Ni haki ya kampuni kutaka alama yake isichanganywe na vitu visivyo vyake, na hata wafadhili wenu ipo siku wanaweza kuuzwa au kubadili biashara. Majina yasipoungana, siku hiyo haitakuwa na maumivu kwa upande wowote.

Kuwa mkweli pia kwamba jina kushikwa na kampuni si kifo kila mahali. Alama ya Fedora, mfumo wa kompyuta wa jamii ya Linux, ni ya kampuni ya Red Hat, na jumuiya yake inafanya kazi, kwa kuwa kuna kanuni zilizoandikwa za nani anaruhusiwa kuitumia na vipi. Lakini ile ni kampuni ambayo biashara yake yenyewe ni programu huria. Ya kwenu ni ya fedha. Programu yenu ikianza kushindana na bidhaa yao ya mikopo, sitaki jina liwe mezani kwao.

Chombo chenyewe ndicho kitakachokuchosha, na hapa naomba usifanye haraka ya kuridhisha watu. Usilisajili jina kwa mtu mmoja, hata awe wewe. Oktoba 2022 wachangiaji wa Gitea, programu huria ya kutunzia msimbo, walipata habari kwamba kikoa na alama ya mradi vimehamishiwa kampuni ya biashara. Wakaandika barua ya kuomba viwekwe chini ya shirika lisilo la faida, na hatimaye Desemba wengine wakaanzisha Forgejo chini ya Codeberg, chama kilichosajiliwa Berlin. Andikeni katiba fupi, iseme nani ni mwanachama na kura inapigwaje, sajilini chama, kisha muwe na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ili chama kiweze kumiliki mali kwa jina lake. Wakili akiona kampuni isiyo na hisa inawafaa zaidi kwa sababu ya wenzenu wa Mombasa na Bujumbura, msikilizeni. Kampuni yenu mfadhili ipewe kiti kimoja kwenye uongozi. Kisizidi kimoja. Kisha ombeni alama kwenye daraja la 9 la programu na la 42 la huduma zake, na mkumbuke kwamba BRELA ni Tanzania Bara tu: Zanzibar wana BPRA na Kenya wana KIPI, nanyi mna vikoba na wachangiaji huko.

Barua ya kwanza kwa meneja iwe ya kuomba moja kati ya mambo mawili yanayotekelezeka: ombi la BRELA liondolewe, au kampuni iandike kwamba italihamishia kwa chama chenu kikishasajiliwa, kwa tarehe inayotajwa. Mpeni na kitu cha kuchukua nyumbani. Kwenye ukurasa wa mbele wa programu paandikwe kwamba kampuni ni mfadhili, na iruhusiwe kwa maandishi kuuza huduma zake ikieleza kuwa inatumia programu hii. Wengi wanaotaka kumiliki jina, ukiwauliza kwa utulivu, wanachotafuta ni kuonekana, na hilo mnaweza kuwapa bila kutoa hati. Mzungumze siku zote 60 mkitaka, lakini pingamizi liwe limeandikwa na wakili anajua siku ya kulipeleka.

Kama watakataa yote, pigeni kura ya kila mchangiaji, kwa majina, isipokuwa wale vijana walioajiriwa, na mkiondoka muondoke siku moja na toleo lililo tayari.

Fedha zao usizikatae wewe. Endelea kuzipokea kwa shukrani maadamu hazijafungwa na saini. Ila kaa na wenzako mpige hesabu ya kweli ya gharama za mwezi: seva, akiba ya dharura ya kulipia wakili, ada za usajili. Mtashangaa sehemu kubwa ni mishahara ya wale vijana wawili, na vingine vinaweza kuchangwa. The Document Foundation ilipowaomba watu euro 50,000 za kuanzisha taasisi, Februari 2011, zilipatikana ndani ya siku nane. Siwezi kukuahidi hivyo, kwa kuwa wao walikuwa na watumiaji dunia nzima, lakini vikoba ni watu wanaojua kuchanga kuliko mtu yeyote, na bado hamjawauliza.

Hao vijana wasihusishwe kwenye barua wala kwenye kura ya hadharani. Waite pembeni, mmoja mmoja, uwaambie kwamba kikundi hakitawadai waseme neno lolote dhidi ya mwajiri wao, na kwamba kazi waliyoifanya tayari chini ya GPL ni salama watakapobaki na watakapotoka. Waombe jambo moja tu, wausome mkataba wao wa ajira waone unasemaje kuhusu msimbo wanaouandika baada ya saa za kazi. Mwenye mtoto mchanga mwanzie yeye, maana ndiye aliyekosa usingizi kuliko ninyi nyote.

Shangazi